Uduvi Walianguka Kwanza

Mbinya ni fundi wa kushona hapa Migwani, na mimi, jirani yake mwenye pikipiki, nimemtania miaka minne kwa sababu ya tangi lake la kioo. Sebuleni, pale watu wengine wanapoweka televisheni, yeye ameweka maji, mimea ya kijani, kundi la samaki wadogo wenye mstari wa buluu wanaogeuka wote pamoja, na uduvi wekundu, wale kamba wadogo wasiozidi ukucha. Nje mbuzi wanalia kiu, ndani uduvi wanastarehe! Nilimwambia ana kichaa. Alinijibu nijaribu kuotesha hata jani moja ndani ya maji kama naona ni mchezo.

Kila Jumamosi asubuhi hutoa ndoo moja ya maji kwenye tangi na kurudisha nyingine, polepole kwa mpira mwembamba, maana uduvi hawataki haraka. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo hutumia ya mvua, yale yale ambayo familia inakunywa, kutoka pipa la jikoni.

Jumamosi moja alikuwa hata hajakunja mpira wake. Uduvi walianza kuruka huku na huku kama bisi kwenye sufuria. Kisha mmoja akaanguka ubavu, miguu ikitetemeka. Wa pili. Wa tano. Samaki walikuwa wazima, wakigeuka pamoja kama kawaida, na hilo ndilo lililomtia Mbinya hofu. Anajua tangi lake: uduvi wakianguka na samaki wamesimama, kuna dawa ya wadudu majini.

"Baba Nzisa!" alimwita mumewe, Mutisya, aliyekuwa uani. "Jana ukiosha mbuzi na dawa ya kupe, maji ya pipa uligusa?"

"Sikugusa. Nilitumia ya mtungi, ile ilikuwa imechotwa tayari. Yenye ilibaki ndiyo nilirudisha kwa pipa."

"Kwa mtungi ulikuwa unachota na nini?"

"Na kopo. Ile ya kumwagia mbuzi dawa. Lakini maji ilikuwa inakaa safi, Mama Nzisa. Ningemwaga aje na hii kiangazi?"

Simlaumu. Hapa kwetu hakuna anayemwaga maji yaliyobaki. Hata mimi ningeyarudisha, na ndiyo maana jambo hili linanitisha mpaka leo.

Mbinya alikuwa amekumbuka uji wa mtoto, uliopikwa kwa maji ya pipa lile. Alikimbia jikoni akamkuta mama mkwe amempakata Nzisa, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, kikombe kikiwa mdomoni.

"Mwaitu! Mama, usimpe!" alipiga kelele, akakipokonya. Kikombe kilikuwa kimefika nusu.

Niliwapeleka hospitalini, Mbinya nyuma yangu na mtoto kifuani, chupa ya dawa mfukoni. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Njia nzima alikuwa akiuliza, "Nzisa, uko? Nzisa, uko?" na mtoto akiguna. Halafu akaacha kuguna. Nilisimamisha pikipiki katikati ya barabara. Mbinya alimtikisa, akamtikisa tena. Mtoto alifungua macho akalia kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa usingizi, nasi wote wawili tukalia naye.

Daktari alisoma chupa, akampima, akatuweka pale hadi jioni. Alisema dawa iliyowaua uduvi ilikuwa kidogo mno kumdhuru mtoto, ila maji yale yasinywewe tena. Nzisa alirudi nyumbani akidai ndizi. Kwenye tangi hapakubaki uduvi hata mmoja.

Miezi mitatu imepita. Pipa ni jipya, mtungi ni mpya, kopo lile Mutisya alilitoboa kwa msumari. Bado Mbinya hampi mtoto kikombe kabla ya kuonja yeye, kisha husubiri, akimwangalia mtoto na kikombe. Juzi nilimwambia dawa kidogo kama ile ulimi hauwezi kuijua.

"Najua," alisema, akaonja tena.