Bando ya Saa Moja

Muulize Kulow habari za njia ya kutoka Griftu hadi Buna, hatakutajia vijiji. Atakutajia mahali simu inaposhika. Atakwambia ukivuka lile korongo la mchanga, hesabu dakika kumi, utaona kichuguu kirefu upande wa kushoto, panda mpaka juu, geukia kusini, hapo mtandao upo, na kukiwa hakuna upepo upo zaidi. Upepo na mtandao wapi na wapi? Usimuulize. Mtu aliyeendesha lori la maji miaka ishirini na miwili katika nchi hii ana haki ya kuamini anachotaka.

Basi huyu Kulow ana miaka hamsini na sita na mgongo wa mtu wa themanini. Nyumba yake iko Waberi, mjini Garissa, lakini kusema anaishi Waberi ni kumpa heshima tu. Anaishi kwenye kiti cha boza, lile lori la tangi la maji. Zamani ukame ulikuwa unakuja na kuondoka. Siku hizi umehamia na virago vyake. Kila unapokaza, tajiri wake humpigia simu: jaza, peleka. Naye hujaza, hupeleka. Akifika kwa wafugaji hapokewi kwa mitungi peke yake. Humletea na simu zilizozimika, kumi, kumi na tano, azichaji kwa betri ya lori wakati maji yanashuka. Wengine hurekodi ujumbe wa sauti kabisa, wakamwachia simu aende nayo hadi penye mtandao, ujumbe uondoke, simu airudishe safari ijayo. Amebeba posa, amebeba tanzia, amebeba ugomvi wa mke aliyeko kambini na mume aliyeko Nairobi, vyote vimepangwa mbele ya usukani, na hajamdai mtu hata senti. Amechoka, lakini hakatai. Huku maji na simu hanyimwi mtu.

Simu yake mwenyewe ina kioo chenye ufa, na kati ya matundu yake mawili ya laini, moja liliuawa na vumbi. Kwa hiyo hubadilisha. Laini ya zamani ndiyo namba inayojulikana na ulimwengu mzima, na pesa zake za simu zimo humo. Lakini bando zake ghali, na porini inashika kwa kubahatisha. Laini ya pili, ya kampuni nyingine, aliinunua kwa ajili ya bando za bei ya chini, na namba yake hata yeye haijui. Akitaka kuongea na nyumbani huchomeka hiyo ya pili, hununua bando ya saa moja, WhatsApp yake inabaki ile ile ya namba ya zamani, anaongea, dakika sitini zikiisha naye amekwisha. Madereva wote wa huku hufanya hivyo. Bando ya siku nzima, Kulow husema, ni ya watu wanaolipwa wakiwa wamekaa kitini. Ukimwambia na wewe unalipwa ukiwa umekaa kitini, atakutukana kwa Kisomali.

Sasa, Alhamisi moja ya mwaka huu, Ugbad, binti yake wa mwisho, alikuwa anafungishwa nikaha nyumbani Waberi baada ya Alasiri. Kulow alikuwa awe amerudi tangu Jumanne. Jumanne ndipo tajiri alipompigia: kuna shule porini kabla ya Buna, watoto wana siku nne bila maji. Angefanyaje? Akaenda.

Kaka yake, Abdille, mwenye duka la nguo mjini, akampigia usiku uleule.

"Walaal, ndugu yangu, niachie wakala," akamwambia. "Sema neno moja tu kwa simu mbele ya mashahidi, nitamwozesha mimi kwa niaba yako. Wewe ni mtu wa njiani."

"Mimi si marehemu," Kulow akajibu. "Nitamwozesha mwenyewe. Nina simu."

"Sheikh anataka kukuona uso. Anasema sauti huigizwa."

"Basi ataniona uso. Mwambie ajiandae, si mzuri."

Mshamuelewa? Mtu huyu alikuwa amekosa mengi. Ugbad alizaliwa yeye akiwa amekwama kwenye matope ya Mandera, na alimjua mwanawe akiwa na siku arobaini. Akakosa meno ya kwanza, akakosa shule ya kwanza. Jambo hili moja alilitaka liwe lake: sentensi moja, jina la binti, jina la mume, mahari, nimekuozesha. Aliifanyia mazoezi ndani ya gari njia nzima, akimwozesha Ugbad kwa kila ngamia aliyekutana naye barabarani. Wakala alikataa kutoa, na hapo ndipo kosa lilipoanza, lakini nani angemwambia?

Mpango ulikuwa Alhamisi saa kumi awe Buna mjini, ambako laini zote mbili zinashika. Lakini kisimani alikuta foleni ya maboza, shuleni akakuta bomba limeziba, na saa kumi kasorobo ilimkuta kwenye korongo, Buna ikiwa bado mwendo wa saa moja na zaidi. Katikati hapo hakuna mtandao hata wa dawa. Akaogopa kwamba akiendelea watampigia akiwa gizani. Akasimamisha lori penye kile kichuguu. Mtaka cha mvunguni huinama, mtaka mtandao hupanda. Akapanda, mgongo ukimlaani, akachomeka laini ya pili na kununua bando. Salio lilitosha bando ya saa moja, na kama asingenunua soda kisimani lingetosha ya siku. Lakini hakujuta. Nikaha ni dakika kumi, saa moja ya nini zaidi?

Akampigia Abdille.

"Nipo," akasema. "Anzeni."

Kiooni aliona mikeka yake mwenyewe, ukuta wake mwenyewe, na wanaume asiowajua wameshika mapaja ya mbuzi. Wote walimwona na wakamsalimu, maana Abdille alikuwa ameiinua simu juu.

"Bado kidogo," Abdille akasema. "Wageni wanakula, na sheikh yuko njiani. Kaa karibu na simu."

Hapo, wallahi, neno lilimfika mdomoni. Nina saa moja tu. Maneno manne. Lakini watu wa upande wa mume walikuwa wanasikiliza, na baba wa bibi harusi hawezi kuwaambia wakwe wapya kwamba bando yake ni ya saa moja. Akatabasamu.

"Kuleni, kuleni," akasema. "Mimi sina pa kwenda."

Akakaa juu ya kichuguu. Bibi mmoja mfugaji, Qali, aliyekuwa na mbuzi wachache waliobaki mifupa, akaja kuomba kuchaji simu. Akampa waya ndani ya gari. Bibi akarudi, akasimama chini akimtazama.

"Unamsubiri nani huko juu?"

"Namwozesha binti yangu, eddo." Eddo ni shangazi, ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu.

"Kutoka juu ya mchwa?"

"Kwa simu."

Qali akafikiri. "Mahari mnatuma kwa simu, nikaha mnafunga kwa simu," akasema. "Mtoto akilia mtambembeleza na simu?"

Kulow akacheka, mara ya kwanza siku ile. Ilikuwa saa kumi na nusu. Akapiga tena, Abdille akamwambia sheikh amefika msikitini. Saa kumi na dakika hamsini na mbili simu ikalia yenyewe, na mara hii alikuwa sheikh mwenyewe kiooni, kilemba na miwani, akamtazama Kulow vizuri na kuridhika.

"Mzee Kulow, tumekuona, alhamdulillahi. Tumalizie kuandika majina ya mashahidi, halafu tunakupigia sasa hivi."

"Tusikate, sheikh," Kulow akasema. "Naweza kungoja hivi hivi."

"Hapana, hapana, tusikumalizie moto wa betri," sheikh akasema kwa upole, na akakata.

Sasa hivi ya watu wa Garissa nani asiyeijua? Kulow aliishika simu kwa mikono miwili. Saa kumi na moja ilipogonga ukaingia ujumbe: bando yako imekwisha. Asante kwa kuwa nasi.

Akajaribu kukopa salio, akaambiwa lipa kwanza deni la zamani. Pesa zake zilikuwa kwenye laini iliyo mfukoni, na hiyo pale kichuguuni haishiki. Aliichomeka, akaizungusha simu pande zote nne kama anayetafuta kibla, hakuna kitu. Akarudisha ya pili, akatuma ule ujumbe wa bure wa tafadhali nipigie. Ukarudi: huduma hii ni kwa wateja wa kampuni hii pekee. Akakumbuka simu ya Qali.

"Eddo, simu yako ina salio?"

"Salio?" Qali akasema. "Hiyo ni ya kupigiwa tu. Haijaona salio tangu Ramadhani."

Akamrudishia bibi simu yake, akaingia garini. Kabla ya Buna kuna jabali, kilomita kumi na nane, ambako laini ya zamani hushika. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakutaka kungoja tena. Tangi lilikuwa tupu, kwa hiyo boza lilirukaruka kwenye makorongo, na mgongo wake aliuacha huko huko nyuma. Njiani alikuwa akisema ile sentensi, safari hii kwa sauti kubwa. Jina la binti, jina la mume, mahari, nimekuozesha.

Alifika kwenye jabali jua likiwa limegusa ardhi. Akachomeka laini ya zamani. Simu ikatetemeka, ikatetemeka tena, haikuacha: alipigiwa mara kumi na moja, ya kwanza saa kumi na moja na dakika tisa. Akanunua salio la kutosha, kubwa kuliko alilowahi kununua, akapiga.

"Walaal, ulikuwa wapi?" Abdille akauliza.

"Hapo hapo. Mpe sheikh simu, niko tayari."

Nyuma ya Abdille vigelegele vya wanawake vilisikika waziwazi.

"Imeshafungwa, Kulow. Ulikuwa hupatikani, na wakala hukuacha. Sheikh ameozesha kwa idhini ya kadhi."

Kwa kanuni tunayoifuata ndivyo ilivyo: baba akiwa safari ya mbali na hapatikani, uwalii, yaani haki ya kuozesha, ni wa kadhi, hata ami hawezi kujipenyeza. Ndivyo wanavyoozeshwa pia wasichana wasio na mtu duniani. Kulow aliyajua hayo.

"Dakika tisa tu zimenikosesha!" akasema. "Sheikh alikuwa na haraka gani? Au ni wewe?"

"Sheikh alisema tungoje hata mpaka kesho," Abdille akajibu, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo ambalo Kulow hakulizoea. "Ongea na Ugbad."

"Aabo," binti akasema.

"Aabo," naye akamjibu, maana kwetu baba na mtoto huitana jina hilo hilo moja.

"Usimkasirikie ami. Ni mimi niliyesema tusingoje."

Kulow akaibana simu sikioni.

"Sheikh alikuja mlangoni akaniuliza, tumngoje baba yako? Nikamwambia hapana." Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anavyosema kuna joto. "Nimekungoja Idd zote, aabo. Nimekungoja siku ya kumaliza shule na cheti mkononi mpaka mlinzi akafunga lango. Leo pia nilianza kukungoja, halafu nikaona nimechoka."

Maelezo alikuwa nayo yote, yamejipanga mdomoni: bando, laini, tundu lililokufa, salio, kilomita kumi na nane. Yote kweli tupu. Akayameza.

"Mwenyezi Mungu awape kheri," akasema.

"Amin."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, aabo."

"Nitakula."

Mtandao ulikuwa mzuri, alimsikia hata akivuta pumzi. Hakuna aliyeongeza neno na hakuna aliyekata, wakakaa hivyo, simu masikioni, hadi salio likaisha.