Siku Niliyowaomba Polisi Waniite Feki

Wasee, kuna siku nililia mbele ya polisi nikiwaomba waniite feki.

Ndiyo, mimi. Don Panya wa Malaba.

Kabla hamjacheka, sikieni.

Jina langu la ubatizo ni Ekisa. Hilo la jukwaani nililitoa kwa njia za panya, zile ambazo watu hupitishia magendo kutoka Uganda. Sikuwahi kupita hata moja. Lakini rapa asiye mhalifu, nani atamsikiliza?

Nilivaa koti zito lenye manyoya shingoni, eti la New York, na jua la Malaba likinichoma kama muhogo. Nilitaka kuwa tofauti. Ndiyo maana nikavaa sawasawa na marapa wengine wote wa hapa mpakani.

Jumapili moja mchana nikapanda jukwaani.

“Mimi siimbi uongo! Usiku wa manane navuka mto na boti, sukari magunia, bunduki kwa koti!”

Ukumbi ukalipuka. Wanaume wawili tu hawakupiga makofi. Waliningoja nishuke, wakanitia pingu.

Kituoni, afande akacheza video yangu kwa simu.

“Umekiri mwenyewe. Bunduki iko wapi?”

“Afande, hiyo ni mistari tu.”

“Si umesema huimbi uongo?”

Nje, mashabiki walijaa dirishani wakiita, “Don Panya! Don Panya!” Nikikana, jina limekwisha. Nikinyamaza, ni jela. Nikaifikiria jela kidogo tu, machozi yakanitoka.

“Mimi ni feki, afande! Feki kabisa!”

“Wote husema hivyo.”

Ndipo mama yangu, Petronilla, akaingia na gomesi yake pana ya kanisani, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka. Mama huuza ndizi sokoni. Akaitazama video hadi mwisho, akakunja uso.

“Afande, huyu mtoto anajua nini? Boti gani? Huo mto maji inafika tu magoti!”

Dirishani mtu akapiga mluzi. Boti, koti, magoti. Mama alikuwa amenimalizia mistari bila kujua.

Akapata moto sasa.

“Na nani anavuka usiku? Usiku nyinyi mko macho! Tunavuka saa ya lunch, kikapu kwa kichwa, sukari chini ya ndizi, tunawasalimia, na mnaitika!”

Afande akaiweka simu mezani.

“Tunavuka?” afande akauliza polepole.

Mama akainamisha kichwa. Roho iliniuma, jamani. Miaka yote hiyo nilidhani karo yangu ilitoka kwa ndizi.

Afande akanifungua pingu, akamgeukia mama. Nikaruka katikati yao.

“Nifunge mimi! Mimi ndiye Don Panya!”

“Wewe ni feki,” afande akasema. “Umesema mwenyewe.”

Mama akanitazama kwa huruma, kisha akalitazama koti.

“Na hiyo koti unaringa nayo eti ya New York, nilivusha mimi. Niliivaa ndani ya gomesi.”

“Vua,” afande akaniambia. “Ni ushahidi.”

Nikatoka nje na fulana ya kwaya ya parokia, maana ndiyo niliyokuwa nimevaa ndani. Hakuna aliyeniangalia. Watu walikuwa wakiimba, “Mama Magoti! Mama Magoti!”

Mama alilipa faini, akarudi kwa ndizi zake, safari hii ndizi tupu. Mimi niliacha rap. Lakini marapa wa Malaba siku hizi wanapanda jukwaani na gomesi, wote, ili kila mmoja awe tofauti.

Vijana wenzangu, kabla hamjaimba shida za mtaa, ulizeni kwanza nyumbani ni nani anayezibeba.