Kompyuta Iliyomsemea Baba

Baba alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala na ulimi ukafungika. Masikio, akili na ukali vilibaki kama vilivyokuwa. Tangu tukiwa kwetu Kindu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kumwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara, na hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikuwa na kibanda cha samaki wakavu na mafuta ya mawese. Mtu wa namna hiyo akinyamaza ghafla, nyumba nzima inaogopa. Mimi niliogopa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Lilongwe ndiye aliyetupa ile programu kwenye flashi, tukaiweka kwenye kompyuta ya Baba. Unaandika maneno, unabofya kitufe kikubwa cha kijani, na kompyuta inayasema. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa Kifaransa asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Siku ya kwanza Baba aliandika "chakula", na yule mama akalitamka kwa midomo iliyobanwa, kitu kama jina la manukato. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaanza kumsomesha. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akawa anaandika kwa tahajia ya Kifaransa "tchakoula", "djirani", "founga moulango", mpaka sauti ikakaribia. Simu aliikataa, maana kidole chake kinene kiligusa herufi tatu kwa pamoja. Wageni wakija, mzee wa kwetu Maniema anawasalimia kwa sauti ya bibi wa Paris, na wao wanajikaza wasicheke. Baada ya muda tukazoea. Hata kugombezwa tulikuwa tunagombezwa kwa sauti hiyo hiyo.

Basi mdogo wangu wa mwisho akapata mchumba, kijana wa kwetu anayenunua mahindi Mponela. Nikahi ikapangwa ifungwe nyumbani, siku ya Ijumaa. Kwetu baba wa bibi harusi humshika bwana harusi mkono na kumwambia kwa mdomo wake kwamba amemwoza binti yake, na kijana hujibu hapo hapo kwamba amekubali. Shehe alikuja kutueleza kwa upole kwamba mgonjwa hapewi mzigo asiouweza: Baba angeweza kumteua baba mdogo awe wakili wake, au aitikie kwa kichwa tu, inatosha.

Baba akavuta kibodi. Tulisubiri kidole kimalize safari yake. Kitufe cha kijani, kisha yule mama wa Kifaransa akasema, "Wakili ni ya baba mwenye iko mbali. Mi niko hapa."

Shehe alitabasamu, akasema basi, aseme kwa mashine na kwa kichwa aitikie pia. Tangu siku hiyo Baba akawa anafanya mazoezi ya sentensi moja. Kila asubuhi tuliamshwa na habari kwamba mdogo wangu ameozwa.

Wiki ya harusi yenyewe ilipofika, nikarudi kutoka bombani na kumkuta Baba anabofya kijani, anabofya, na chumba kimya. Kwenye skrini kisanduku cha kijivu kilikuwa kinasema kwa Kifaransa kwamba kuna kitu kimetafutwa na hakikuonekana. Baba alinitazama kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. Halafu akaipiga meza ngumi, na hapo nikajua bado ni yeye.

Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni, amefurahi na kazi yake ya asubuhi.

"Nilisafisha ordinateur," akasema, akiionyesha kompyuta kwa kidole. "Mulikuwa jina moja mara tatu! Ile ile, numéro tu njo ilikuwa tofauti. Ni doublon. Nikafuta ya zamani, nikaacha moja, ile mupya."

Anayeishi kambini hawezi kumcheka. Hapa jina likitokea mara mbili kwenye uhakiki wa wakimbizi, ni balaa. Unaitwa bureau, yaani ofisini, unaulizwa, na familia yako inawekwa kando mpaka ieleweke wewe ni nani. Mume wangu ndiye anayesaidia kupanga watu wa mtaa wetu siku za uhakiki, na doublon kwake ni mdudu wa kuondolewa kabla hajauma. Alipoona jina moja limejiandikisha mara tatu katika kompyuta ya mkwe wake, alitulinda. Nayajua hayo yote, na bado nilimfokea mpaka jirani akachungulia.

"Sasa Baba atasema na nini?"

"Lakini programu yake sikuigusa! Ona, iko pale pale."

Ilikuwa pale pale kweli. Hilo ndilo lililonitia udadisi katikati ya hasira. Faili zote zipo, kitufe cha kijani kipo, hakuna kilichofutwa ndani ya folda ya Baba, na hata hivyo programu imekuwa bubu. Kwa hiyo ilikuwa ikisimama juu ya kitu kingine, na mimi miaka yote nilidhani inasimama yenyewe.

Mdogo wangu alilia, akamwambia Baba amteue tu baba mdogo, yeye hataona vibaya. Baba aligeukia ukutani. Hakutaka hata uji.

Nikaenda nyuma ya msikiti, ambako mtandao wa simu unashika vizuri, nikayatafuta kwa simu maneno ya kile kisanduku, nikasoma. Niliyoyasoma yalinishangaza kuliko nilivyotegemea. Programu kama ile ya Baba haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Inahitaji mazingira ya kuendeshea, yaani programu nyingine iliyo chini yake, inayosoma maagizo yake na kuyatekeleza. Mazingira hayo hutolewa upya kila baada ya muda. Toleo jipya linaongeza mambo, na mengine linayaacha. Kile kipande kilichokuwa kinatumiwa kuonyesha kitufe na kutoa sauti, toleo jipya halikukibeba tena. Yale majina matatu yalikuwa matoleo matatu, kila moja na watu wake, yaani programu zinazolitegemea.

Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha namna ile, na nyumbani kuna msiba mdogo. Nilirudi nikitembea haraka, nikiwaza ni vitu vingapi vingine mle ndani vinategemeana bila sisi kuambiwa.

Toleo la zamani lilikuwa faili kubwa, na kifurushi changu cha intaneti kisingetosha kulipakua. Nikapanda kabaza mpaka barabarani, nimekaa nyuma ya mwendesha baiskeli na flashi mfukoni, kisha minibasi ya kupitia Lumbadzi hadi Lilongwe. Katika duka la matengenezo ya kompyuta nilimweleza fundi shida yangu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akanihurumia.

"Amayi," akasema, ndivyo wanavyomwita mama hapa, "futa kila kitu, tukuwekee mfumo mpya kabisa. Mashine itakuwa nyepesi."

Watu wa kusafisha wamejaa duniani. Nilimwambia zikomo, asante, nisaidie kulipakua toleo hili tu, nambari hii, si nyingine. Alinisaidia, ingawa aliendelea kutikisa kichwa.

Nyumbani nikalipakia mbele ya Baba. Alikuwa ameshaandika sentensi yake, anasubiri. Kitufe cha kijani. Kisanduku cha kijivu, maneno yale yale.

Nilitaka kulia. Mume wangu alirudi mlangoni kwake, na alifanya vizuri.

Baba aligonga meza taratibu kwa kidole, namna alivyokuwa akigonga mizani kibandani mteja akisitasita. Endelea, alimaanisha. Basi nikaendelea. Nilifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta: ukiitwa kuendesha programu, nani anaitika? Ikanijibu kwa nambari ya toleo jipya. La zamani lilikuwepo ndani ya nyumba, ila hakuna aliyeliita. Kompyuta ina orodha ya njia za kutafutia, inaipita kutoka juu, na wa kwanza kuonekana ndiye anayepewa kazi. Wa pili hata haulizwi.

Nikashawishika kulifuta lile jipya, nimalize ubishi. Lakini mchezo wa drafti wa mume wangu ulikuwa unalitegemea hilo, na ingawa siku ile ningefurahi kumkomoa, nilishaona kufuta kunatufikisha wapi. Nikaacha yote mawili. Nikaenda kwenye alama ya kufungulia programu ya Baba, nikaandika humo njia nzima, folda kwa folda, mpaka mlangoni pa toleo la zamani, ili programu isiulize mtu mwingine yeyote. Nilikosea alama moja, nikarudia.

"Jaribu, Baba."

Aliitazama ile sentensi ya harusi, akaifuta, akaandika nyingine polepole. Kijani.

"Chai yangu iko wapi?" akauliza mama wa Kifaransa.

Mdogo wangu alikimbilia jikoni akicheka na kulia kwa pamoja. Mume wangu alisogea, akaangalia ile orodha yenye majina mawili.

"Kumbe banaweza kukaa bote?"

"Banaweza. Kila mmoja na kazi yake."

"Na hakuna atabaita bureau?"

Nikamwambia hakuna.

Ijumaa sebule ilijaa. Kompyuta tuliiweka kwenye kimeza kando ya mkeka, na spika tukaielekeza kwa wanaume. Shehe alisoma hotuba, kisha akamwashiria Baba. Hapo ndipo tulipogundua tusichokuwa tumekiwaza. Baba alikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na mkono huo ulitakiwa umshike bwana harusi. Alinitazama, akanyoosha kidevu kuelekea kitufe. Kisha akampa kijana mkono wa kushoto. Kijana alisita, maana wa kushoto haupewi mtu, halafu akaupokea kwa mikono yake miwili.

Nikabofya.

Sauti ya Kifaransa ikasema Baba amemwoza binti yake, kwa mahari waliyokubaliana. Midomo ya Baba ilikuwa ikienda nayo, upande mmoja tu, bila sauti.

Kijana akageuka, akaikabili spika, akasema kwa adabu, "Nimekubali."

Baba akauvuta ule mkono kwa nguvu, mpaka kijana akapiga goti karibu zaidi na nyuso zao zikatazamana.

"Nimekubali, Baba," akasema tena, sasa akimwambia yeye.

Baba akaitikia kwa kichwa, na ndipo akamwachia.