Barua ya Kumtoa Noof

Bi Ruba wa Bustan alikuja Mawaleh, nyumbani kwa Bi Nasriya, kumposea mwanawe Muatasim, lakini finjani ya kahawa aliyomiminiwa aliiweka chini asiiguse. Bi Nasriya akaelewa. Mgeni akiiacha kahawa yake basi ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Binti yako Bashayer tumempenda," Bi Ruba alisema. "Kinachotukera ni huyu dada yake, Daktari Noof. Tangazo la mkutano wake limezunguka kwenye simu zote. Ati 'Weusomi'! Ndio nini, bibi wee?"

Bi Nasriya alikuwa akijua. Noof, mwalimu wa historia chuoni, alikwishamweleza: weusi na wasomi, maneno mawili yaliyofumwa yakawa moja, jina la jumuiya ya wanazuoni weusi wa vyuo vikuu. Wiki ijayo wangekutana hapa Muscat, na Noof angesoma mada juu ya bibi yake, mzaa mama.

"Nyinyi watu wenye kabila na shajara ya nasaba," Bi Ruba aliendelea, "huko weusini anatafuta nini? Au kuna jambo hatujaambiwa?"

"Noof hamo," Bi Nasriya alijibu. "Wamekosea jina."

Bi Ruba akanywa, akaitikisa finjani kuonesha ametosheka. Posa ikapita.

Asubuhi yake Noof alisimama mbele ya mama yake, uso ameukaza. "Mama, umeahidi kisichokuwa chako."

"Nnajua. Jitoe, mwanangu, mara hii tu. Mdogo wako ana miaka thelathini na mbili. Nani mwengine atakuja?"

"Sawa. Lakini barua utaandika wewe, na sababu uieleze wewe. Si ndiwe mwalimu mkuu? Ulitufunza kuwa udhuru bila ya sababu ni utovu wa adabu."

Bi Nasriya akachukua kalamu. Akaandika tarehe, akaandika salamu, akaandika: *Binti yangu hatoweza kushiriki kwa sababu*. Hapo mkono ukagoma. Maradhi? Uongo. Safari? Uongo. Sababu ilikuwa Mwanamize, mama mzazi wa Bi Nasriya, mweusi wa kijiji cha Donge, aliyekuwa akimshika mkono kila asubuhi mpaka mlango wa skuli. Shajara ya ukoo Bi Nasriya aliinakili mwenyewe kwa hati yake nzuri, marehemu mumewe, ambaye pia alikuwa binamu yake, akimsomea. Alipofika kwa Mwanamize aliandika "mama wa watoto" tu, bila ya jina, akaendelea na mstari wa pili.

Aliiacha barua, akapiga simu Bustan.

"Bi Ruba, jana nilikudanganya. Noof yumo. Na bibi atakayemzungumzia katika mada yake ni mama yangu, Mwanamize, mtu mweusi wa Donge. Mkimtaka mjukuu wake, mtakeni na yeye."

"Haya," Bi Ruba alisema, na simu ikakatwa bila ya kwaheri.

Alipogeuka, Bashayer alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "mimi hukuniuliza."