Kalamu Yangu Katika Kura ya Mama

Wiki nzima nilimsumbua mama kuhusu kalamu. Kaloleni kulikuwa na uvumi kwamba wino wa kalamu za kituo cha kupigia kura hufutika karatasi zikishaingia sandukuni. Sikuuamini uvumi huo, lakini waliokuwa wakiukanusha sikuwaamini pia. Kwa hivyo asubuhi ya uchaguzi nilitia mfukoni kalamu yangu ya chuo, ile ya wino mzito mweusi.

"Niaje msomi, umekuja kufanya mtihani?" jamaa aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alinicheka.

"Muache," mama akamjibu. "Huyu hata chai huiuliza imetoka wapi."

Mama ana mtoto wa jicho, hivyo nilikula kiapo cha kumsaidia kupiga kura. Kati ya karatasi sita, iliyomkosesha usingizi ni moja tu, ya mwakilishi wa wadi. Mwanamke aliyeuza naye sukuma wiki miaka nenda miaka rudi alikuwa anawania, na mama alimwahidi kura yake mbele ya soko zima.

Tano za kwanza nilizitia alama polepole, kwa kalamu yangu. Tulipofika kwenye ya wadi, karani akaanza kutuharakisha: "Songeni, kuna watu nyuma!" Nikaitia alama, nikaikunja, mama akapapasa tundu la sanduku na kuitumbukiza mwenyewe. Akapakwa wino kidoleni.

"Sasa mwenzangu hawezi kusema sikumpigia," akasema, akatoka kunisubiri nje.

Nikachukua karatasi zangu, nikazitia alama kwa kalamu ile ile na kuzikunja. Mimi siachi kitu bila kukikagua, kwa hivyo ya wadi niliikunjua tena kabla ya kuitumbukiza. Wino ulikuwa haujakauka. Alama yangu ilikuwa imejichapa kwenye kisanduku cha mgombea mwingine, nyeusi kama ya kwanza. Ilionekana nimewapigia wawili. Na ya mama niliikunja vivyo hivyo, kwa haraka ile ile.

Msimamizi wa kituo alinibadilishia karatasi. Nikamuuliza, ya mama je?

"Ishaingia, kijana. Sanduku halifunguliwi."

"Itahesabiwa?"

"Itategemea wanaohesabu wataionaje."

Karatasi mpya niliitia alama kwa kalamu ya kituo, iliyofungwa mezani kwa uzi. Wino wake ulikauka papo hapo.

Asubuhi iliyofuata fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa tulimopigia kura. Mama alitaka nimsomee ya mwenzake tu.

"Themanini na moja," nikasema.

Chini kabisa paliandikwa: kura zilizokataliwa, nne. Hapo sikumsomea.

"Na yangu imo?"

Sikujua. Hakuna aliyejua, wala hakukuwa na wa kuulizwa.

"Hebu nionyeshe," akasema.

Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake chenye wino juu ya themanini na moja.

"Hapa?"

"Hapo, mama."

Akakiacha pale, na watu nyuma yetu wakasubiri amalize.