Swali Lililosomwa Mezani

Kila mtu katika jumba lile alimwita Sista. Alikuwa muuguzi wa Mzee, na mdomo wake haukujua likizo. Akimgeuza ubavu, akimkata kucha, yeye anasimulia tu: bei ya vitunguu, vituko vya mpangaji mwenzake. Mzee alikuwa msikilizaji mzuri, maana alisahau yote kabla Sista hajameza mate.

Nje, dunia iliambiwa kwamba Mzee ndiye anayeendesha kampuni ya familia kwa akili zake timamu. Akili gani! Mtoto wake wa kwanza akiingia chumbani, Mzee anamuuliza, "We dereva, gari umeosha?" Siku ya kwanza Sista alijikaza asicheke. Lakini alipoona wanawe wanamshika mkono asaini huku anasinzia, kisha mtaa mzima ukabomolewa kwa saini hiyo, roho ilimuuma. Akamweleza shoga yake wa tangu utotoni, mwandishi wa habari za uchunguzi.

"Jina lako halitatoka kinywani mwangu," shoga yake aliapa. Na kweli halikutoka.

Ila waandishi makini wana utaratibu wao. Kabla ya kuchapisha habari ya mtu, humtumia maswali ili naye ajitetee. Ni haki kabisa. Basi asubuhi moja, Sista akimlisha Mzee supu, mtoto wa kwanza akaanza kuyasoma maswali hayo kwa sauti pale mezani.

"'Je, ni kweli kwamba baba yako hukuita dereva, na kukuuliza kama umeosha gari?'"

Kijiko kiligonga meno ya Mzee. Maneno yale yalisemwa chumbani kwa Mzee tu, na kila yaliposemwa walikuwamo watatu: Mzee, mwanawe na Sista. Shoga yake alikuwa ameficha jina, akasahau kuficha chumba. Sista akaendelea kufuta kidevu cha Mzee, ingawa kilishakauka.

Mtoto wa kwanza hakufoka. Laiti angefoka!

"Sista, mama yako magoti bado yanamsumbua?"

"Bado, bosi."

"Mtu mzima kuishi peke yake si vizuri. Nimepeleka gari likamchukue. Mtakaa naye hapa hapa kwetu, mpaka haya maneno ya magazeti yapoe." Akavuta kikombe chake. "Na huyo mwandishi, mwambie alidanganywa. Wewe atakusikiliza."

Sista hakuwahi kumwambia mtu yeyote humo ndani mama yake anakaa wapi.

Simu ikaita. Alikuwa mama, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, niko ndani ya gari, lina ubaridi huo! Vijana wawili wamenibeba mpaka kwenye kiti. Mbona hukuniambia mabosi zako wana utu hivi?"

Sista alitaka kupiga kelele: shuka, mama, shuka! Mtoto wa kwanza alikuwa akimtazama, anakoroga chai taratibu.

"Kaa vizuri, mama," Sista akasema. "Funga mkanda."