Kiti cha Pili

Jirani yangu, fundi kompyuta wa hapa Kijenge, hufungua duka ukungu wa Mlima Meru ukiwa bado umelala barabarani. Kwanza hufuta viti viwili, chake na kile kisichokaliwa na mtu. Kisha huwasha kompyuta yake ya aina isiyotengenezwa tena, ikakoroma kama paka aliyeshiba. Programu huria za kuiendesha amebaki kuzirekebisha yeye peke yake, bure; siku akiacha, mashine zote za aina hiyo zitabaki vyuma tu. Kila mteja anayekuja, fundi humwuliza kwa sauti ya chini, kiganja kikiwa juu ya mashine kana kwamba anapima homa: “Hutaki kujifunza, tusaidiane? Malipo hakuna lakini.” Watu hucheka, huchukua simu zao zilizopona, huondoka.

Jana asubuhi aliniita, nikaacha cherehani yangu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na ujumbe wa mwanamke wa Chile: anayo mashine kama hiyo, atasaidia. Fundi alimimina chai vikombe viwili, kimoja akakiweka mbele ya kile kiti. Mchana nikataka kukiondoa kikombe hicho, chai imeshapoa.

“Kiache, dada,” akaninong'oneza. “Huko kwao ndiyo kwanza kunakucha.”